Risasi Moja Hewani

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, huwa hawaingii ziwani. Taa hazina kazi usiku ambao maji yote yanang'aa. Dagaa hana sababu ya kuzifuata. Mimi nilikulia Mwanga, mtaa wa hapo hapo Kigoma, na siku hizo za mbalamwezi nilizitambua kwa dalili nyingine: banda la gemu lililokuwa nyuma ya soko lilijaa watu wazima. Viganja vyao vilikuwa na sugu za kamba, padi ikionekana humo kama kiberiti, na hawakutaka gemu ya mpira wala ya ngumi. Walimwomba mwenye banda awawekee ile ile kila mara: kijindege kimoja cha kupiga risasi chini, kundi la wadudu wa rangi juu, katikati giza tupu.

Banda lilikuwa la mabati, mlangoni gunia badala ya pazia, ndani TV ya chogo na mashine ndogo ya Kichina iliyoiga Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya kampuni ya Nintendo. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina gemu 9,999,999. Zilizokuwemo kweli hazikuzidi vidole vya mtu mmoja, nyingine zote ni zile zile zilizobadilishwa majina. Lakini kulikuwa na gemu ya kukimbia na kuruka, ya vifaru, ya wanajeshi wawili msituni. Zote zilikuwa na picha nzuri kuliko ile ya kijindege. Swali lililonikaa kichwani tangu utotoni ni hili: mtu aliyekesha ziwani wiki mbili, leo kapata usiku wa kupumzika na shilingi mfukoni, kwa nini achague gemu iliyo maskini kuliko zote?

Ile ya wavuvi ilikuwa Galaxian ya kampuni ya Namco, iliyotoka mwaka 1979 ikiwa mashine ya sarafu, kisha 1984 ikaingia kwenye Famicom. Lakini ukitaka kuielewa lazima urudi nyuma mwaka mmoja tu, kwa mama yake, Space Invaders. Nimeicheza hiyo kwenye simu miaka hii ya karibuni, kwa programu inayoiga mashine ya zamani, na nimesoma habari za ndani yake mpaka nikahisi nimepata jibu.

Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, chini ya kampuni ya Taito. Aliyeitunga ni Tomohiro Nishikado, na karibu kazi yote aliifanya mwenyewe: alibuni mchezo, akachora, akaandika programu, hata vifaa vya mashine akaviunda kwa mkono wake. Alitaka kitu cha kuishinda Breakout ya Atari, ile ya kugonga matofali kwa mpira. Akageuza matofali yakawa viumbe, akavipa miguu na silaha. Maumbo aliyatoa baharini: pweza, kaa na ngisi. Wako 55, mistari 5 ya viumbe 11. Wanatembea kwenda pembeni, wakigusa ukingo wanashuka hatua moja na kugeuza. Wewe uko chini na mzinga wako, unakwenda kushoto na kulia tu. Mbele yako kuna ngome 4. Wakifika chini, umekwisha. Hayo ndiyo maelezo yote ya mchezo, na mtoto wa miaka mitano anayaelewa kwa kutazama tu.

Sasa, utamu uko wapi?

Wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko wote, ni kwamba huruhusiwi kuwa na risasi mbili hewani. Ukishabonyeza, risasi yako inapanda, na mpaka iguse kitu au ifike juu kabisa ya kioo, kitufe hakikusikilizi. Ukilenga vizuri, unapata risasi nyingine papo hapo. Ukikosa, unabaki mikono mitupu huku ukiitazama ile risasi yako ikipanda taratibu kwenda kufa angani. Haifiki sekunde moja, lakini ni sekunde ndefu kuliko zote, maana wao hawasubiri.

Sisi tuliokulia Ujiji na Mwanga tunaijua hali hii bila kufundishwa, kwa sababu tumeshika manati. Manati ina jiwe moja. Ukimkosa njiwa, hakuna la kufanya ila kuinama, kutafuta kokoto, kuiweka kwenye ngozi, kuvuta tena. Njiwa keshavuka ziwa. Kwa hiyo mtoto wa manati hafyatui hovyo. Anatazama ndege anaelekea wapi, anaachia jiwe liende mahali ambapo ndege hajafika. Space Invaders inakudai jambo hilo hilo. Viumbe wanatembea, risasi inachukua muda kupanda, basi ukimlenga alipo utakosa. Unapaswa kulenga atakapokuwa. Mtu anayebonyeza mfululizo kama anayeua mbu, gemu inamwadhibu bila kumtukana: inamnyima risasi.

Kuna jambo jingine limejificha ndani ya kanuni hiyo, na sikuligundua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Adui akiwa juu, risasi ina safari ndefu, kwa hiyo unapiga polepole. Adui akishuka, safari inafupika, na kitufe kinakurudia haraka zaidi. Maana yake hatari inapokusogelea ndipo na silaha yako inapokuwa nyepesi. Hakuna aliyeandika mahali kwamba mchezaji aliye hatarini aongezewe nguvu. Imetokea yenyewe kutokana na kanuni moja ndogo, na ndiyo sababu mtu aliyebanwa kabisa, viumbe wakiwa karibu kumkanyaga, anaweza ghafla kupiga saba mfululizo na banda zima likapiga kelele.

Utamu wa pili ni mwendo, na huu una historia yake.

Kila aliyewahi kucheza anajua kwamba viumbe wanaanza kwa kujikokota na wanamaliza kwa kukimbia. Wakiwa wote, wanajongea kama abiria wanaoshuka treni ya Dar na mizigo yao. Akibaki mmoja, anakwenda kama amechomwa na pilipili. Wengi hudhani mtunzi alikaa akapanga kwamba gemu izidi kuwa ngumu. Ukweli ni kwamba mwanzoni lilikuwa tatizo la mashine. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Intel 8080, yenye mwendo wa megahezi 2. Simu ya bei ya chini kabisa pale stendi ina mwendo mara mamia ya huo. Mashine hiyo haikuweza kuwahamisha viumbe 55 kwa pamoja, hivyo programu inamhamisha mmoja mmoja. Kioo kinachorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kila mara kikichorwa, kiumbe mmoja tu anasogezwa.

Piga hesabu. Wakiwa 55, inachukua michoro 55 mpaka wote wawe wamepiga hatua moja, yaani pungufu kidogo ya sekunde. Wakibaki 30, ni nusu sekunde. Wakibaki 10, ni sehemu moja ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, zamu yake inafika kila mchoro, mara 60 kwa sekunde. Ndiyo maana pia, ukiangalia kwa makini mwanzo wa mchezo, kundi halisogei kwa pamoja. Linatambaa, mstari mmoja ukifuata mwingine kama upepo unavyopita kwenye shamba la muhogo. Huo ndio mzunguko wa zamu unaouona kwa macho.

Nishikado aliuona upungufu huo, na angeweza kuufunika kwa kuweka mwendo wa aina moja toka mwanzo hadi mwisho. Akauacha. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa kuacha kitu jinsi kilivyo ndio uliozaa gemu zote za kupiga risasi zilizofuata. Tazama umefanya nini: kila adui unayemuua anawaongezea mbio waliobaki. Unavyoshinda ndivyo unavyojitafutia taabu. Hakuna anayekuletea jeshi jipya ili ulemewe. Ugumu umeuleta mwenyewe kwa risasi zako, mmoja baada ya mwingine. Na huwezi kulalamika, kwa sababu umeona kila kitu kikitokea mbele ya macho yako.

Sauti nayo inafuata. Chini ya mchezo kuna noti 4 nzito zinazoshuka na kurudia, dum, dum, dum, dum, kama mapigo ya moyo. Wanavyopungua, mapigo yanakazana. Wale wavuvi walikuwa wakicheza Galaxian ambayo haina mapigo hayo, lakini mimi nilipoyasikia mara ya kwanza kwenye simu, usiku, masikioni nimeweka spika ndogo, nilijikuta nimeacha kuvuta pumzi.

Halafu kuna ngome. Mtu mgeni anajificha nyuma ya ngome akidhani ni ukuta. Si ukuta. Risasi za adui zinaimega, na risasi zako pia zinaimega, kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya kumbukumbu ya mashine ngome ni vidoto tu vya mwanga na kila kinachoigusa kinafuta vidoto vyake. Viumbe wakishuka hadi usawa wake wanaifuta kabisa kwa kupita. Basi mchezaji mzoefu anaitoboa ngome yake mwenyewe kwa makusudi, anachonga tundu jembamba katikati na kupigia humo, kama mlinzi anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Analipa kwa kinga yake ili apate nafasi ya kushambulia. Gemu yenye kanuni chache hivi bado imempa mtu la kuamua.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Wachezaji waligundua kwamba viumbe wakifika mstari wa chini kabisa, hatua moja kabla ya kukumaliza, risasi zao hazikudhuru tena, zinaanzia chini mno. Basi wakawaacha makusudi washuke hadi hapo, wakawafagia bila kuguswa. Mbinu hiyo iliitwa kwa jina la mji wa Nagoya. Inahitaji roho ngumu, maana ukikosea hesabu kwa hatua moja hakuna marekebisho.

Na wazee wa bao wangeipenda sahani. Mara kwa mara chombo chenye umbo la sahani kinapita juu kabisa ya kioo, na ukikipiga unapata alama 50, 100, 150 au 300. Inaonekana kama bahati nasibu. Sivyo. Mashine inahesabu risasi zako. Ukiipiga sahani kwa risasi yako ya 23, inakupa 300. Baada ya hapo ni kila risasi ya 15. Mtu akalijua hilo, na toka hapo wachezaji wakubwa hawapigi risasi bila kuhesabu, huku wanakwepa, huku wanalenga. Nimewaona wazee pale Ujiji, chini ya mwembe, wakizungusha kete na macho yao yako mizunguko mitatu mbele. Hesabu ni ile ile. Kumaliza viumbe wote 55 kunakupa alama 990 tu, kwa hiyo sahani moja ya 300 si kitu cha kupuuza.

Niliposema gemu ya wavuvi ilikuwa maskini, nilimaanisha hivyo kwa wema. Umaskini wake ndio uwazi wake. Kila kitu kiko kwenye kioo kimoja: maadui wote, risasi zote, wewe mwenyewe. Hakuna anayejificha nyuma ya mlango, hakuna mtego usioonekana. Ukifa unajua kwa nini, na waliosimama nyuma yako nao wanajua, kwa sababu wameona ulichokiona. Hilo ni jambo kubwa bandani. Watu ishirini wanatazama padi moja, na wote ni waamuzi. "Kaka, ulilala kulia mno." "Dogo, ile ya kijani ilikuwa inakuja, hukuiona?" Gemu inayohitaji maelezo marefu haiwezi kufanya hivyo, watazamaji wangechoka wakaenda zao.

Hapa niseme neno kwa wazazi, maana mama yangu alinifuata kwenye lile banda na fimbo zaidi ya mara moja, akiamini nafundishwa kuua. Ninaheshimu hofu yake. Lakini Nishikado mwenyewe amewahi kueleza kwamba kupiga risasi maumbo ya binadamu kulionekana si maadili, na ndiyo sababu walichaguliwa viumbe wa angani. Na nikikumbuka nilivyokuwa, sikumbuki hata mara moja nikiwachukia wale wadudu. Nilikuwa nawahesabu. Kilichoninasa ni kule kulenga mahali ambapo kitu hakijafika na kukikuta kimefika. Mtoto anayerusha jiwe embe la juu lidondoke anatafuta furaha hiyo hiyo.

Galaxian ilichukua kanuni ya risasi moja ikaongeza rangi, na ikawapa maadui ruhusa ya kuvunja safu na kukurukia mmoja mmoja. Miaka miwili baadaye, 1981, Namco ikatoa Galaga, na hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Inakuruhusu risasi mbili hewani, lakini uzuri wake uko kwingine. Yule mkubwa wa maadui anaweza kushuka na kumwaga mwanga chini yake, na ukiingia kwenye mwanga huo anakiteka chombo chako na kupanda nacho. Umepoteza roho moja. Lakini ukija na chombo kingine ukampiga yeye bila kumpiga mateka wako, chombo chako kinashuka na kuungana nawe. Sasa una viwili ubavu kwa ubavu, risasi maradufu, na mwili maradufu wa kupigwa.

Fikiria uamuzi huo. Una roho tatu. Je, umpe adui moja kwa hiari ukitumaini kuikomboa? Mtu wa tahadhari anasema hapana na anacheza mchezo mrefu wa kuchosha. Mwenye tamaa anasema ndiyo, anapigwa akiwa njiani kumkomboa ndugu yake, na anarudi kwenye benchi. Na ukimaliza mchezo, Galaga inakuonyesha umepiga risasi ngapi, zilizopata ngapi, na asilimia yake. Yaani imekuwa ikiandika hesabu ya upotevu wako muda wote.

Ufupi wa gemu hizi pia si bahati mbaya. Zilizaliwa ndani ya mashine za sarafu, na mwenye mashine alitaka sarafu ya pili. Space Invaders ilimpa hata swichi ya kupanga mchezaji aongezewe roho akifikisha alama 1,000 au 1,500. Kwa hiyo gemu ilipaswa kukuua mapema, lakini ikuue kwa namna ambayo utasema kosa lilikuwa langu, nitalirekebisha. Ikikuua kwa uonevu, hurudi. Bandani kwetu sarafu ilikuwa shilingi hamsini kwa mwenye banda, na kanuni ilifanya kazi vile vile. Sijawahi kumsikia mtu akisema kile kijindege kimemdhulumu. Nimewasikia wakisema, "Ngoja, nipe tena, nimeshaijua."

Ndiyo maana gemu nyingi za kurusha risasi ninazoona leo kwenye simu haziniingii. Chombo kinapiga chenyewe, mamia ya risasi, kioo kimejaa mwanga kama harusi. Ukishindwa unaambiwa ununue nguvu au utazame tangazo. Mpwa wangu anazicheza, na nilimwekea Galaga kwenye simu yake bila kumweleza kitu. Dakika kumi za kwanza alinung'unika kwamba inapiga polepole. Nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa amekaa kitako sakafuni, simu ameiegemeza kwenye ndoo, ulimi nje, na chombo chake cha kwanza kilikuwa kimetekwa. Aliacha kupiga. Alikaa pembeni kabisa ya kioo akingoja, akikwepa tu, mpaka yule mkubwa alipoanza kushuka na mateka juu ya kichwa. Akapiga risasi moja. Hakusema kitu wala kuniangalia, lakini chombo kiliposhuka na kuungana na chake nilimwona amelegeza mabega kama mtu aliyetua mzigo.

Gemu hizi hazina mwisho. Ukimaliza kundi, linakuja jingine. Katika Space Invaders makundi yanayofuata yanaanza chini zaidi ya la kwanza. Humwokoi mtu, hufungui mlango wa mwisho, utakufa tu, na kilichobaki ni namba. Na namba yenyewe, kwenye mashine ya 1978 na kwenye ile yetu ya Kichina, ilikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme. Ukizima, inafutika. Umeme wa mtaani kwetu ulikuwa na tabia ya kukatika jioni, watu wakiwa wamejaa. Kioo kilijikunja kuwa mstari mmoja mweupe, kisha nukta, kisha giza, na rekodi ya wiki nzima imekwenda.

Mwenye banda alitafuta dawa. Upande wa ndani wa bati la mlango, kwa chaki, aliandika namba kubwa kuliko zote, na chini yake jina la utani la aliyeipata. Hakuandika hata moja mpaka watazamaji wawili waapishwe kwamba wameiona kwa macho. Usiku mmoja wa mbalamwezi, mvuvi mmoja mrefu, mpole, aliyekuwa akicheza amechuchumaa kama yuko mtumbwini, alifika mahali ambapo sisi watoto hatukuwahi kuona kundi likija kwa kasi ile. Umeme ukakatika katikati. Hakuna aliyetoka. Mwenye banda aliwasha kibatari, akauliza nani aliyeiona namba ya mwisho. Tulijibu wote kwa pamoja. Akafuta ya zamani kwa kiwiko cha shati, akaandika mpya polepole, na yule mvuvi akasogea karibu na bati, akamulika kwa tochi yake ya ziwani kuhakikisha kila tarakimu.